Picha ya Layla na Uwongo wa Mahali Patatu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimeficha jambo. Daktari amesema moyo wangu umechoka na nipange mambo yangu mapema, basi naanza na hili: picha haziko mahali patatu. Ziko mahali pamoja. Nimewadanganya watu wa Kudha, wa Kismayu, wa Mombasa na wa Ulaya. Wote walinishukuru.

Maelezo kwa atakayesoma nikishaondoka. Mimi ni Gharibu, mwalimu wa jiografia, mstaafu. Watu wetu, Wabajuni wa visiwani, walipotawanyika kwa vita mwaka wa tisini na moja, kila nyumba ilibaki na picha chache za karatasi, nazo zimeliwa na chumvi. Nilizipiga zote kwa simu yangu, karatasi nikawarudishia wenyewe. Kundi letu la simu likanipa jina: Mtunza Picha. Shuaibu, aliyekuwa karani wa forodha, alilitaka sana jina hilo. Hakulipata. Kwa wivu akauliza mbele ya kundi zima picha zinahifadhiwa vipi. Nikaandika: mahali patatu, bwana. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilipendeza.

Leo Sumeya amepiga simu kutoka Mombasa. Ni binti wa marehemu dada yangu Layla. Layla alifia kambini Kenya, Sumeya hata kutambaa hajaanza. Sasa Sumeya naye kazaa binti, kamwita Layla. Anakuja huku Kismayu Alhamisi kwa ndege, na mtoto, ili wote wawili wauone uso wa mwenye jina. Sumeya mwenyewe hajapata kuuona.

Uso huo umo katika picha moja tu. Ni ya arusi. Layla kakaa kwenye kiti, kapambwa, nywele wazi, asumini kichwani, hina mpaka viwikoni. Ulioipiga ni mkono wa mwanamke, katikati ya wanawake. Karatasi yake ilivuka maji pamoja na familia, ikalowa, ikagandana na kioo cha fremu. Niliipiga kwa simu. Kisha nikajaribu kuibandua. Ikatoka vipande vipande.

Sumeya alinisihi mara nyingi nimtumie. Nilikataa. Dada yangu kichwa wazi hapiti hewani mbele ya macho ya sijui nani. Anayemtaka aje. Sasa anakuja.

Bimkubwa kaniuliza mbona natoka jasho. Ni dada yangu pia, mjane, ndiye anayenitunza. Ni mdogo kwangu, mkubwa kwa Layla, na ulimi wake hauna umri. Nikasema ni dawa.

Jumapili, 7 Septemba

Dawa ya uwongo ni kuufanya kweli. Jambo jepesi! Nimeunda folda tatu simuni: Ya Kwanza, Ya Pili, Ya Tatu. Kila picha nimeinakili katika kila folda. Kazi ya tangu asubuhi mpaka alasiri. Miguu imevimba. Lakini sasa mahali ni patatu, na nikifa nafa mkweli.

Nikajikongoja mpaka baraza la msikiti kufurahia hali yangu mpya. Shuaibu alikuwepo. Ana diski yake ya picha katika mfuko wa ngozi, huipakata kama mtoto aliyetoka tohara. Akatueleza, bila kuulizwa, kwamba ana nyingine kwa mwanawe Mombasa. Nyumba ya Kismayu ikiungua, ya Mombasa ipo. Nikamuuliza kama anatarajia kuungua. Watu wakacheka.

Kisha akasema, kwa sauti ya huruma, mwalimu, hali yako tunaiona, nipe nami nakala ya zako zisije zikapotea. Nikajibu kwamba amana haigawiwi kama kashata. Wakacheka tena. Siku njema.

Ukweli ni kwamba mna picha za wanawake mle, na Shuaibu si maharimu wao. Ukweli mwingine ni kwamba hata zingekuwa za mapanga na makasia nisingempa.

Jumatatu, 8 Septemba

Simu imegoma. Inasema nafasi imejaa. Imepata moto, hata Bimkubwa alidhani nimeiweka juani. Picha moja inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai kufunguka, nayo hufunguka nusu: kichwa bila mwili.

Bimkubwa akashauri nifute mbuzi. Kweli ninao mbuzi wengi, wa kisiwa cha Chula, waliopigwa picha na mtu wetu wa Uholanzi aliyerudi kuwatazama wazee wake. Nikamweleza kuwa nao ni historia. Akasema historia ya mbuzi huishia mchuzini.

Hapana budi niende kwa Zakir, fundi wa simu karibu na soko. Zakir ni mtu mwema, ana ndevu na wake na watoto. Tatizo ni moja. Ni mwanamume. Layla na wanawake wenzake hawawezi kulala wazi mezani pa Zakir, wateja wanapita.

Nikapata akili. Programu ya picha ina folda ya siri, ina kufuli na namba. Nikawahamishia humo wanawake wote: mabibi arusi, mashangazi, bibi mmoja wa Koyama anayevuta tumbaku. Kisha nikafuta nakala zao zote za nje, kutoka Ya Kwanza, Ya Pili na Ya Tatu. Wote wako ndani, mlango umefungwa. Sitara kwanza! Nilijisikia baba mwenye nyumba.

Jumanne, 9 Septemba

Nilikwenda kwa bajaji, nimeshikilia kifua. Zakir huniita adeer, yaani ami kwa Kisomali, na hupenda sauti yake isikike mpaka duka la pili. Alipofungua simu na kuziona folda zangu tatu alicheka mpaka akakaa. Akawaita wateja waone. Akaniuliza, adeer, mashua ikizama, mzigo wa nyuma, tezi, utaokoka kwa kuwa mwingine ulikuwa mbele, omo? Wateja wakasema hautaokoka. Hakuna aliyewauliza.

Mpango wake ni huu. Atazinakili picha katika diski ya nje. Atazinakili tena katika hifadhi ya mtandaoni. Kisha ataisafisha simu iwe kama ilivyotoka kiwandani, na kunirudishia picha humo. Jumla, mahali patatu, pa kweli. Ningeweza kumbusu.

Akauliza kama hakuna nilichokifungia. Kilichofungiwa hakinakiliwi, alisema. Nikajibu hakuna. Akauliza tena. Nikajibu tena, kwa ukali kidogo. Mwanamume gani atasimama dukani, mbele ya watu wale wasiojua kunyamaza, aseme dada yake yumo humo kichwa wazi? Isitoshe nililifikiria jambo kisomi. Nyumba inapofagiliwa, kasha lililofungwa halifagiliwi.

Nikaiacha simu. Jioni akaniletea mwenyewe. Nyepesi, ya baridi, mpya kabisa. Nimeiweka chini ya mto. Leo nitalala vizuri kuliko mwezi mzima uliopita.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nilifungua. Wanaume wote wa visiwa wamo, mmoja mmoja, na kofia zao. Mashua zimo. Gati la Kismayu limo. Mbuzi wamo wote.

Nikafungua folda ya siri. Ikaniomba nichague namba mpya. Nikatia ile ya zamani. Ikanishukuru, ikafunguka. Tupu.

Wanaume wote wameokoka. Wanawake hakuna hata mmoja.

Nilimpigia Zakir. Nikasema nina rafiki, mzee fulani, alifungia picha kisha simu yake ikasafishwa. Afanyeje? Zakir akashusha sauti, jambo geni kwake. Akasema, adeer, mwambie rafiki yako avute subira. Akaniuliza rafiki huyo alikuwa na picha za nani. Nikasema za mbuzi.

Bimkubwa kapika samaki wa nazi. Sikuweza kula. Kanisogezea sahani mara ya pili, akasema, kaka, kama unakufa leo niambie nisiupike wali wa kesho mwingi. Nikasema si leo. Nimemtazama sana usoni alipokuwa akiondoa sahani. Akaniuliza natazama nini. Pua. Pua ni ileile! Baba mmoja, mama mmoja, pua moja.

Nina mpango.

Alhamisi, 11 Septemba

Mungu ni mwema: ndege ya Sumeya imesogezwa mpaka kesho.

Bimkubwa alikwenda kumwona mzazi wa jirani. Picha yake ya arusi imo katika kasha lake, na ufunguo huuficha ndani ya kopo la sukari. Watu wote wanajua. Kuinama mbele ya kasha lile kulinigharimu pumzi nyingi, nikapumzika juu ya doti za kanga mpaka moyo ulipotulia. Picha nikaipata. Bibi arusi, kiti, asumini, hina. Kila kitu kama cha Layla. Nikaipiga kwa simu dirishani, nikaondoa rangi, nikaitia ukungu kidogo ili ionekane imeteseka. Aliyekaa pembeni nikamkata, akabaki bega. Karatasi nikairudisha mahali pake, kasha nikalifunga, ufunguo nikautia sukarini.

Je, ni uwongo? Nimelitafakari. Mtoto anataka uso wa mama yake. Uso huu ni wa tumbo lilelile. Tofauti ya dada na dada ni jambo dogo la kijiografia: ghuba hapa, rasi pale. Na mwenye kuweza kunikanusha ni mmoja tu, naye haonyeshwi picha.

Ijumaa, 12 Septemba

Sumeya alifika baada ya sala. Mrefu, mnyamavu, mtoto kamfunga kwa leso. Akanibusu mkono. Akasema, mjomba, kwanza nimwone, chai baadaye.

Nikampa simu. Aliketi nayo kwenye mkeka. Hakulia kwa sauti. Akaisogeza karibu na uso wa mtoto, akasema, Layla, huyu ndiye Layla. Akamweleza mtoto mambo: tazama pua, tazama mikono ya bibi yako. Mtoto akailamba simu. Nilifurahi. Naandika hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama mtu aliyefanya jambo jema.

Bimkubwa akaingia na sinia ya chai. Nilimwambia akalete sukari. Akasema sukari imo. Nikamwambia alete maji. Akaweka sinia chini, akaichukua simu mkononi mwa Sumeya, akainyoosha mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Akamuuliza Sumeya kaambiwa huyu ni nani. Sumeya akasema, ni mama.

Bimkubwa akasema, mwanangu, vipuli hivi kaninunulia marehemu mume wangu, na hilo bega lililokatwa ni la somo yangu aliyenifunda. Kisha akanigeukia. Akasema amewahi kusikia mtu kuzikwa akiwa hai, lakini kujifungua mtu mzima mwenye mtoto wake, bila hata uchungu, hilo ni geni.

Nilijitetea. Nikasema picha ya Layla ilipata ajali. Sumeya akauliza, kwa upole, na zile nakala nyingine, mjomba? Nikasema nazo. Zote tatu. Bimkubwa akauliza ajali gani hiyo, ipige mahali patatu siku moja, kisha iache mbuzi. Basi nikaeleza folda ya siri. Nikaeleza sitara. Nikaeleza Zakir na wateja wake. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa utaratibu.

Bimkubwa akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, kaka, mimi ni mwanamke. Ni dada yake. Asumini zile nilimpamba mimi kwa mikono hii. Ungenipa mimi nimweke. Ulikuwa ukimficha nani asimwone?

Swali zuri. Halikuwa limenijia.

Mchu mzima, akasema, yaani mtu mzima, kwa Kibajuni chake cha hasira, na masomo yote yale.

Sumeya alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu. Akambeba mtoto, akatoka uani. Alikaa huko mpaka magharibi. Chai ilipoa. Niliinywa.

Jumamosi, 13 Septemba

Mji umejua. Zakir alimtambua yule rafiki yangu, naye hana kifuniko. Shuaibu alifika mapema na mfuko wake wa ngozi kuja kunipa pole, na pole yake ilikuwa imepigwa pasi. Akasema mkewe, Umi, keshaanza kupita nyumba hadi nyumba na simu yake kuwapiga upya wanawake wote kutoka karatasi zao. Watajaa katika simu ya Umi, na diski ya pili atawekewa binti yake Mombasa. Watapatikana wote. Akaupapasa mfuko wake. Isipokuwa mmoja, akasema, ambaye karatasi yake, mwalimu, nasikia uliibandua.

Nikamwambia moyo unaniuma. Akaondoka. Jina langu kundini limebadilishwa. Sasa mimi ni Mtunza Mbuzi.

Baada ya kifungua kinywa Bimkubwa alimketisha Sumeya mkekani. Akamwambia, picha hatuna, lakini mimi ninayo kichwani, na hiki hakijasafishwa na Zakir. Tegesha simu yako. Sumeya akatega simu irekodi. Bimkubwa akazungumza mpaka adhuhuri, mtoto kalala mapajani mwake.

Alisema Layla alikuwa na mwanya mbele, na kwa kuuonea haya alicheka kafunika mdomo kwa ncha ya leso, hata peke yake. Alisema nyusi ya kushoto ilikatika katikati, alianguka kwenye matumbawe ya Darakasi walipokwenda kuokota koa. Alisema alikuwa na sauti nzito, watu wakipiga hodi walidhani mna mwanamume ndani. Alisema pua haikuwa ile. Pua ya Layla ilikuwa ya baba, ndefu, na yake Bimkubwa ni ya mama. Hapa alinitazama. Kisha akaushika uso wa Sumeya kwa mikono yote miwili akauzungusha mwangani. Akasema, hapa, hapa, na hapa. Mashavu ongeza kidogo.

Sumeya alicheka. Kafunika mdomo. Bimkubwa akampa ncha ya leso yake, na simu ikaendelea kurekodi.

Kila jambo Sumeya alinigeukia aniulize. Mjomba, kweli mwanya? Nikasema kweli. Mjomba, nyusi ya kushoto? Nikasema ya kushoto. Pua ndefu? Ndefu sana. Alikuwa akinipa heshima yangu, na niliipokea.

Jumatatu, 15 Septemba

Sumeya ameondoka kwa ndege ya asubuhi. Kabla ya kutoka alinibusu mkono tena. Hakuwa na kinyongo, au alikuwa nacho na kafunzwa vizuri.

Rekodi ya Bimkubwa ni ndefu, na simu ya Sumeya imejaa picha za mtoto. Simu ya Bimkubwa ni ya vibonye. Yangu ina nafasi tele. Nikamwambia anirushie mimi. Alisita. Nikamwambia, mwanangu, mtu akishaungua mara moja anaujua moto. Akanirushia. Nikamshauri aifute kwake apate nafasi, kwangu nitaiweka mahali patatu. Akasema ataifuta akifika Mombasa.

Nimeisikiliza mwanzo wake. Sauti ya Bimkubwa inasikika wazi, na inataja umbo la marehemu, nyusi, mdomo, mashavu. Haifai isikike na kila mtu. Nimeitia katika folda ya siri. Namba nimeibadilisha, nimechagua isiyoweza kukisiwa na mtu yeyote. Sijaiandika popote, kwa usalama. Kesho nitampelekea Zakir simu aitazame tena, tangu jana imeanza kupata moto.

Shuaibu kapita mlangoni akauliza kama nahitaji msaada wowote. Nikasema sihitaji.

Limebaki moja, nami naliandika kwa kuwa leo kuandika kunanichosha na huenda kesho nisiweze. Picha ya Layla nilikuwa nikiitazama kila asubuhi baada ya sala, kwa miaka. Sumeya aliponiuliza juu ya mwanya, na nyusi, na pua, nilifumba macho nimtafute. Nilikiona kiti. Niliziona asumini. Nilisema ndiyo kwa kila jambo, na ningesema ndiyo kwa lolote. Sura ya dada yangu siikumbuki.